Madam na Koo za Visamaki

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma. Kwa lugha nyepesi, nalipwa kusema kitu ni nini. Lori likifika na mzigo, mimi ndiye ninayetamka kwamba hivi ni vipuri na ile ni mitambo, hiki ni chakula cha watu na kile ni cha kuku, na kila kitu kinaingia kwenye fungu lake. Nimeifanya kazi hii mpaka nikaota kitambi, na pamoja na kitambi nikaota imani kwamba hakuna kitu kitakachonishinda kukiweka mahali pake. Imani hiyo iliharibiwa na mwalimu mstaafu aliyefuta vioo kwa kanga kuukuu, tena kwa kutumia samaki wasiozidi urefu wa kidole.

Sote tulimwita Madam. Alinifundisha baiolojia sekondari, akawafundisha na wadogo zangu, na alipostaafu akabaki kuwa Madam wa mtaa mzima, hata kwa akina mama wauza nyanya ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya maegesho ya malori, ukuta mmoja na ofisi yangu. Sebuleni hapakuwa na televisheni wala kabati la vyombo. Palikuwa na matangi ya vioo yaliyoundwa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, yamepangwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, na ndani yake waliishi visamaki wa jamii ya perege, wale wadogo kabisa wa vijitoni, ambao mvuvi wa Kamsamba akiwakuta wavuni huwatupa majini bila kuwaangalia. Madam aliwaangalia. Aliwapanga kwa koo.

Ukuta wa dirishani walikaa wale ambao mama hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Ukuta wa karibu na jikoni walikaa wale wanaotaga chini ya jiwe, na baba hulinda mlango. Pembeni, kwenye matangi ya mchanga, walikuwa wageni kutoka Ziwa Tanganyika, ambao hulelea watoto ndani ya makombe ya konokono. Ukiingia kwake unamkuta ameinama mbele ya samaki mpya kwenye chupa, anamuuliza, "Wewe ni wa nani?" Ndivyo wazee wetu wanavyomuuliza kijana aliyekuja kuposa, maana watu wa ukoo mmoja hawaoani, na ni bora aibu ya kuuliza kuliko aibu ya kutokuuliza. Ukimgeuzia swali hilo yeye mwenyewe, alijibu kwamba ni wa idara ya sayansi.

Kwake udugu ulihitaji sababu. Ukubwa haukuwa sababu. Rangi haikuwa sababu. Kuishi mto mmoja haikuwa sababu, "la sivyo wewe na kambale mngekuwa ndugu, maana wote nimewaona Momba mkiwa matopeni." Alitaka kujua taya likoje, miiba ya pezi inaanzia wapi, na zaidi ya yote, watoto wanalelewaje. Alisema sura inaweza kumdanganya mtu, lakini malezi ni vigumu kuyaigiza.

Asidhani mtu kwamba hakukosea. Kwa muda mrefu aliwatenga samaki fulani katika koo mbili, mmoja mkubwa mwenye mikogo na mwingine mdogo asiye na mvuto, mpaka siku alipowaweka pamoja kwa sababu tangi moja limepasuka, na wakataga. Walikuwa mume na mke. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi mtu wa hapa," alisema, "ambako kaka jina lake la ukoo linaanza na Si na dada yake linaanza na Na, na wote ni damu moja. Mgeni akisema ni koo mbili tunamcheka wiki nzima. Nami nimefanya vilevile." Hadithi hiyo aliisimulia kila mahali, hata kwenye kikao cha akina mama wa kanisani, ambako nasikia haikueleweka vizuri.

Kwa jinsi alivyopanga samaki ungetegemea nyumba iliyopangika. Ulikuwa ukipewa chai unaikoroga kwa kipini cha uma, kwa kuwa vijiko havijulikani vilipo. Funguo niliwahi kuzikuta kwenye kopo la sukari. Alikataza kuhukumu kiumbe kwa mwonekano, halafu akawahukumu binadamu kwa viatu, papo hapo, bila rufaa. Aliwapenda samaki wake kwa majina, na mchana alikaa mbele yao akila dagaa. Nilipomwambia kwamba wanamwona, aliniambia hao dagaa ni ukoo mwingine kabisa.

Methali moja ilimkera, ile ya samaki mkunje angali mbichi. Mtu akiitamka tu kwenye kikao cha shule, Madam alinyoosha mkono kutoka nyuma na kuuliza, "Samaki gani?" Nilishawahi kuona mgeni rasmi akipoteza hotuba nzima kwa swali hilo.

Bwana afya alimjia siku moja kwa sababu majirani walimshtaki. Nyuma ya nyumba alikuwa na ndoo zimejaa maji yaliyotuama, na ndani yake viluwiluwi vya mbu vinacheza. Bwana afya alisema haya ni mazalia ya mbu, na sheria iko wazi. Madam alimshika mkono, akamwingiza sebuleni, akachota viluwiluwi kwa kichujio cha chai na kuvimimina kwenye tangi. Vikaisha kabla bwana afya hajavaa miwani. "Sasa niambie," alisema Madam, "kati yangu na wewe, nani ameua mbu wengi zaidi leo?" Bwana afya aliondoka na onyo lake mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nimeongoza malalamiko ya majirani, kwa hiyo nilijifanya napita.

Umeme ukikatika, pampu za hewa zilizima, na Madam aligonga ukuta wa ofisi yangu kwa mchi. Hiyo ilikuwa amri ya kwenda na kikombe. Kila jirani alipewa tangi lake la kuchotea maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa. Wateja wangu, watu wenye makontena barabarani, walinisubiri nikiwa nimekunja mikono ya shati, namwagia samaki maji. Mmoja aliuliza kama hiyo ni sehemu ya utaratibu wa forodha. Nilimjibu ndiyo, naye akachukua kikombe.

Lakini niseme jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Mji wetu umekaa juu ya tuta la ardhi. Mvua ikinyesha, maji ya upande huu huteremka Momba mpaka Rukwa, na maji ya upande ule hupita nyuma ya Nakonde ng'ambo ya mpaka, yakaingia Zambia ndani na mwishowe, alisema Madam, yakafika Kongo. Katika kijito cha upande wetu kuna kisamaki kinachobeba watoto mdomoni. Katika kijito cha upande wa pili kipo kingine, na ukiwaweka sambamba hutamjua nani ni nani. Madam aliamini tangu mimi sijazaliwa kwamba hao ni ukoo mmoja uliotenganishwa na tuta. Alitaka iwe hivyo. Sisi wenyewe tuna mashangazi pande zote mbili, harusi zetu huvuka mpaka na misiba yetu pia, na sijui mtu wa Tunduma ambaye asingetaka samaki nao wawe hivyo.

Kilichobaki ni sababu moja. Wale wa kwetu, ukigonga kioo watoto wakiwa nje, wote hukimbilia mdomoni mwa mama, naye hufunga mdomo na kuondoka nao. Madam alisema ukoo huonekana wakati wa hatari. Alitaka aone kama wa upande wa pili hufanya vilevile. Bahati mbaya, wa upande wa pili hawakukubali kuzaa nyumbani kwake. Walikula, wakanenepa, wakapuuzana.

Na macho yake yalikuwa yanakwisha. Ilikuwa presha ya macho, na daktari wa Mbeya alimweleza kwamba kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone inachelewesha tu. "Nataka nijue kabla hawajafunga," aliniambia, akigusa kope zake, kana kwamba anazungumzia dirisha la benki. Ndipo akaniteua niwe macho yake. Sikuombwa, ukuta uligongwa kwa mchi wakati umeme unawaka.

Somo la kwanza lilikwenda hivi.

"Unaona nini?"

"Samaki, Madam."

"Ahsante. Nilidhani ng'ombe. Anafanya nini?"

"Amekasirika."

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Basi sema ulichoona. Ulichokijua kaa nacho mwenyewe."

Nilisimama pale, mtu mzima mwenye watoto wanaosoma, nikagundua sijui kuona. Nilijua kutaja jina la kitu na kukigongea muhuri. Nilisema "pezi limesimama," akaniuliza pezi lipi. Nilisema "la mgongoni," akaniuliza lote au la mbele. Nikamwangalia tena samaki, na samaki akanigeuzia mkia.

Wapya wa upande wa pili tuliwafuata wenyewe. Mama mmoja wa Nakonde, aliyekuwa akivuka na vitambaa, alikubali kutuchotea kijitoni kwao. Alitukabidhi ndoo upande wa kwao. "Mulishani, ba Madam," alisalimia. "Bwino," akajibu Madam, huku pua yake tayari iko ndani ya ndoo. Mama yule aliniuliza kwa sauti ya chini kama bibi huyu ana njaa, maana kwao hakuna anayekula vitu vidogo hivyo. Nilifanya taratibu zote za kuwavusha kwa halali, kwa fahari, kwani hapo ndipo palikuwa uwanjani kwangu. Nikaja nimefurahi kumweleza Madam kwamba wamepita kama samaki hai wa mapambo.

"Wa nini?"

"Wa mapambo, Madam. Ndilo fungu lao."

Hakunisemesha mpaka Jumapili. Baada ya ibada alinifuata nje, akaniambia kwamba amenisamehe kwa sababu ya siku yenyewe, ila nisirudie.

Kisha ikaja sendofu ya kumuaga binti wa shemeji yangu anayeolewa, kule Vwawa. Kamati ilitangaza sare ya kijani. Mimi nilijinunulia shati mwenyewe, zuri, nikakataa ushauri wa mke wangu, nikaketi meza ya mbele. Picha zipo. Katika kila picha kuna ukumbi wa kijani na mtu mmoja mwenye shati jekundu la damu ya mzee, anatabasamu. Mke wangu aliniuliza kwa upole kama nilikuwa na ugomvi na kamati. Ndipo ilipojulikana, nikiwa na mvi, kwamba sitofautishi kijani na nyekundu.

Watu walicheka, nami nilicheka nao, mpaka nilipofika kitandani na kukumbuka visamaki. Kwa miezi mingi nilikuwa macho ya Madam. Kesho yake nilikwenda kwake nimenywea kabisa. Nilimweleza yote, shati, kamati na picha, nikamwambia kwamba huenda kila nililomsomea ni upuuzi.

"Nilikuuliza rangi lini?" akasema.

Nikafikiri. Hakuwahi kuniuliza.

"Kidato cha pili ulinichorea mharage wenye majani mekundu. Umbo lilikuwa sahihi mpaka mshipa wa mwisho. Wenye macho mazuri nimewajaribu hapa, wananiambia wa bluu, wa njano, ana doa, ameng'aa. Rangi ni nguo ya sherehe, huvaliwa na kuvuliwa. Wewe huwezi kunipotosha huko. Kaa, unione tena pezi la tumboni."

Nimejivunia mambo mengi maishani ambayo hayakustahili. Hilo la kuteuliwa kwa sababu ya upungufu wangu ndilo ninalojivunia zaidi, na wala sijui nilifanye nini.

Mwaka uliopita macho yalifunga. Alibakiwa na mwanga tu, anajua dirisha liko wapi. Mpwa wake alikuja kumchukua akaishi naye Ileje, milimani. Matangi yaligawanywa. Wa upande wa Momba walikwenda shuleni, wale wa makombe wakachukuliwa na mwalimu mmoja wa Chitete. Wa upande wa Nakonde alinipa mimi. Alisema hawana kazi yoyote, kwa hiyo watanizoea.

Niliwaweka ofisini, juu ya kabati. Malori yakipita, maji yalitetemeka. Nikawasahau nusu. Asubuhi moja naingia, namkuta jike ana kidevu kilichovimba, hagusi chakula, amejificha nyuma ya mmea. Nilivuta kiti, nikakaa mbele ya tangi. Nilimjua. Alikuwa amebeba.

Kuanzia hapo sikufanya kazi ya maana. Nilimwangalia akiwa na kinywa kilichojaa, madereva wakinisemesha nikijibu mh. Hatimaye akafungua mdomo, wakatoka, wadogo kuliko punje ya uwele, wakatanda mbele yake. Nilisubiri watulie. Kisha nikagonga kioo kwa kidole.

Hawakurudi. Walitawanyika, kila mmoja upande wake, wakajilaza kwenye mchanga bila kutikisika. Mama hakufungua mdomo. Alisogea kidogo, akaanza kula, maana alikuwa na njaa ya siku nyingi. Niligonga tena. Nikagonga baadaye, na siku iliyofuata, na nyingine. Madereva walianza kunong'onezana kwamba wakala amerogwa na mshindani wake. Ikawa vilevile kila mara.

Nitasema wazi nilichofikiria. Kazi yangu imenifundisha kwamba kitu kinaweza kusogezwa karibu na kile ambacho mwenye mzigo anataka kiwe, na kuna maneno ya kufanyia hivyo. Madam hawezi kuona. Hakuna mwingine aliyeona ila madereva. Mwanamke aliyengoja jibu maisha yake yote yuko gizani milimani, na mimi nina jibu moja la kumfurahisha na jingine la kumhuzunisha. Njia nzima ya kwenda Ileje nilikuwa nayo yote mawili, na mpaka nashuka nilikuwa nimechagua la kumfurahisha.

Nilimkuta nje kwenye jua, amekaa juu ya mkeka, anapukuchua maharage kwenye ungo. Alikuwa amekonda. Uso aliuelekeza kwenye jua.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Wamezaa?"

"Umejuaje?"

"Wewe huji Ileje kupunga upepo. Kaa. Unaona nini?"

Nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, lakini alipouliza hivyo, nilimwona jike yule na mchanga ule, sikuona kingine. Nikamweleza kidevu, na jinsi alivyojificha, na watoto walivyotoka. Mikono yake ilikuwa inaendelea na maharage.

"Ukagonga."

"Nikagonga."

"Wakaenda wapi?"

"Hawakurudi kwa mama, Madam. Wametawanyika wakalala kwenye mchanga. Mama hakuwafungulia. Alikwenda kula."

Mikono ikasimama.

"Ulirudia?"

"Nimerudia mpaka madereva wakasema nimerogwa."

Kwa kawaida angecheka hapo. Hakucheka. Nikaanza kumwaga maneno, kwamba labda ni kelele za malori, labda tangi langu dogo, labda ni uzazi wake wa kwanza na hajajua kulea.

"Usinihurumie kwa samaki wangu," akasema.

Nikaziacha labda zangu.

"Basi si ukoo mmoja." Alilisema taratibu, analisikiliza. Kisha machozi yakamtoka kwenye macho yale yasiyoona, akayaacha yashuke. "Nilitaka sana warudi," alisema. "Unajua? Nilitaka sana."

"Najua, Madam. Na mimi nilitaka."

Iliniuma kuliko nilivyodhani kitu cha samaki kinaweza kumuuma mtu. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya, yeye ni Madam. Mpwa wake alichungulia mlangoni, akatuona, akarudi ndani. Tulikaa hivyo mpaka akajipangusa kwa pembe ya kanga, akausogeza ungo pembeni, akanigeukia.

"Sema tena," aliniambia. "Polepole, usiruke kitu. Nataka kumwona yule mama."

Nikavuta kigoda karibu naye, nikaanza upya, kuanzia asubuhi ile nilipofungua ofisi.